Kioo Chini ya Pua

Tarehe 2 Februari

Binti wa mdogo wangu,

Sikuulizi hali, kwa kuwa habari zako nazipata bila wewe kuniandikia. Za kwangu ni hizi: moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari ameacha kunidanganya. Nalala chumba cha nyuma kwa mwanangu, karibu na choo, mahali wanapowekwa watu ambao hawatasumbua kwa muda mrefu. Mkono bado unaandika, ndiyo maana nakuandikia kabla haujagoma nao.

Mkwe wangu alikutana nawe sokoni. Anasema mtoto wako anakaribia miaka mitano, ana maneno mengi hadi mtaani wanamwita Chiriku, na hakuna anayemwelewa isipokuwa wewe. Alimwuliza jina la mwanasesere wake, mtoto akatoa hotuba ndefu, na wewe ukasimama pembeni ukitafsiri kama mkalimani wa mahakamani. Anasema pia kwamba alizaliwa na kaakaa lililopasuka kama lako, likashonwa akiwa mchanga, likapona vizuri, na tangu hapo hujampeleka kwa mtu yeyote wa kumfundisha matamshi. Alipokuuliza sababu, ulimjibu kwamba mtu wa kazi ya Mama Mkubwa hatagusa kinywa cha mwanao wewe ukiwa hai.

Maneno makubwa. Kazi hiyo ndiyo iliyonizeesha. Watoto walioletwa kwangu wakionyesha mkate kwa kidole dukani waliondoka wakiuita kwa jina lake na kudai chenji. Wengine wana watoto wao sasa, na huniletea salamu. Wewe hujaniletea hata hiyo tangu tulipomzika mama yako.

Mwezi wa Juni shule ya awali ya mtaani kwenu inapokea watoto wapya. Mtoto anayeingia darasani akisemea kooni huchekwa asubuhi ya kwanza, na kabla muhula haujafika katikati amekwisha kunyamaza. Hilo huhitaji kuambiwa. Ukimwacha hivyo ili unikomoe mimi, utakuwa umekosea hesabu, maana mimi naondoka na yeye anabaki.

Mpeleke. Acha uvivu.

Mama Mkubwa


Tarehe 16 Februari

Mama Mkubwa,

Uvivu. Nilijua neno hilo litakuwemo. Nililitafuta kabla sijasoma mengine, nikalikuta chini kabisa, limekaa karibu na jina lako.

Kwa kuwa umenikumbusha, nami nikukumbushe. Kila likizo mama alinifungia nguo akanileta kwako nifundishwe. Chumba chako hospitalini kilikuwa stoo ya mashuka, kinanuka dawa ya kufulia, na kiti changu kilikuwa cha chuma, kikiyumba. Uliketi mbele yangu magoti yetu yakigusana, ukaniwekea chini ya pua kile kioo kidogo cha duara ulichokibandua kwenye kopo la poda. Sema pa. Nikasema. Sema kaka. Nikasema. Ukakitazama kioo, ukakifuta kwenye sketi yako, ukasema, "Mvivu." Ndipo zilipofuata pamba za kupuliza juu ya meza, mishumaa ya kuzima, filimbi. Nilipuliza mpaka nikaona nyota mchana. Watoto wa watu walipewa biskuti wakimaliza. Mimi mtoto wa mdogo wako niliambiwa nakutia aibu.

Na jioni, mezani kwako, huyo mwanao anayekulaza karibu na choo alikuwa akiniigiza, anabana pua na kuomba chumvi kwa sauti yangu. Ulicheka kwanza, kisha ukamkanya.

Lakini si hayo yaliyoniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba niliwahi kuweza. Unaikumbuka siku ya wageni? Ulinivisha gauni jeupe, ukanisimamisha juu ya sanduku kwenye ukumbi wa hospitali, mbele ya meza ndefu ya wakubwa na madaktari. Nilisema sentensi nne. Kila neno lilitoka safi, nilijisikia kwa masikio yangu. Watu walisimama wakapiga makofi, na mama mmoja wa mbele alifuta machozi. Daktari fulani alitaka kunisemesha zaidi, ukanivuta mkono tukatoka, ukaninunulia soda. Ndiyo siku pekee ya utotoni ninayoweza kuikumbuka nikiwa na furaha, na ni wewe uliyenipa, ndiyo maana nakuchukia vizuri zaidi. Kwa sababu tangu siku hiyo nilijua naweza. Kila nilipofungua kinywa darasani maneno yakatokea puani, sikuwa na wa kumlaumu. Niliweza ukumbini, nashindwa nini hapa? Mwalimu wangu alishasema: mvivu.

Sasa nachora ramani za nyumba. Mteja akija, mwenzangu wa ofisini ndiye anayemweleza michoro yangu, na huchanganya ngazi na jiko, nami nimekaa nyuma nimeshika penseli. Mteja mmoja aliuliza kama mimi ni bubu. Mwenzangu akasema hapana, ana aibu tu.

Chiriku hana aibu. Huongea na majirani, na paka, na bomba la maji. Sitampeleka mahali pa kujifunzia aibu. Usiniandikie tena.

Binti wa mdogo wako


Tarehe 27 Februari

Binti wa mdogo wangu,

Una mwandiko mzuri na kumbukumbu yenye mashimo. Biskuti ni mama yako aliyekataa usipewe, kwa sababu meno yako yalikuwa yameoza. Mwanangu nilimchapa kwa ile mizaha, wewe ulikwisha kwenda kulala. Habari za ukumbini sina la kusema.

Unaniambia nisiandike. Mtu akinikataza jambo nikiwa mzima nilikuwa nalifanya, seuze sasa nisipokuwa na cha kupoteza.

Unajivunia kwamba unamwelewa mwanao. Ukianguka leo barabarani, ataongea na nani? Na bomba la maji? Humlindi, binti yangu. Umemjengea chumba chenye mlango mmoja, na mlango ni wewe. Nilimwona mama mwingine akifanya hivyo, mwanawe akafika utu uzima akiandika kwenye karatasi ili aagize chai.

Hutaki mtu wa kazi yangu amguse. Basi mguse wewe. Tafuta kioo kidogo, kiwe cha baridi. Mwambie mtoto aseme pa, pa, pa, kisha papai, kisha kaka. Kiweke bapa chini ya pua anaposema, na ukiondoe kabla hajavuta pumzi, usije ukapima kupumua ukadhani umepima kusema. Kisha kitazame.

Kikipata ukungu, maana yake kaakaa halifungi nyuma, hewa inatorokea puani. Kama hali hiyo ni ya kila mara, mwalimu hawezi kitu. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari mpasuaji. Kikibaki kikavu, kaakaa linafanya kazi yake, na ubaya uko kwenye mazoea tu: alianza kuongea kabla hajapata paa la kinywa, akazoea kuzikatia sauti kooni. Mazoea yanaondolewa kwa mafunzo, bila kisu.

Nijibu umeona nini. Matusi mengine unaweza kuyaweka kwenye barua hiyo hiyo, kuokoa stempu.

Mama Mkubwa


Tarehe 5 Machi

Mama Mkubwa,

Nimempima. Sikufanya kwa ajili yako. Kioo kilibaki kikavu, kwa pa, kwa papai na kwa kaka. Nilimpima asubuhi na jioni, na kesho yake tena, kikavu.

Chiriku aliona ni mchezo, akataka na mimi nipimwe. Akakishika yeye, mkono ukitetemeka kwa kicheko, nami nikasema papai. Kikawa cheupe. Akakifuta kwa gauni lake. Nikasema kaka, kikawa cheupe. Nikamtuma nje akacheze, nikajifungia bafuni, nikasema kila neno lililonijia, nikikiondoa kabla ya kuvuta pumzi kama ulivyoelekeza. Cheupe, cheupe, cheupe, kama dirisha la jikoni.

Kwa maneno yako mwenyewe, mtu wa hivyo mwalimu hamuwezi. Ni wa mpasuaji.

Siku zile mimi sikuwa natazama kioo. Nilikuwa natazama uso wako, nijue kama umekasirika. Aliyekuwa akitazama kioo ni wewe. Uliona nini, Mama Mkubwa? Na kama kaakaa langu lilikuwa halifungi, siku ile ukumbini nilisemaje?

Usinijibu habari za meno.

Binti wa mdogo wako


Tarehe 20 Machi

Binti wa mdogo wangu,

Niliona ukungu. Niliuona tangu juma la kwanza nilipokukalisha kwenye kile kiti. Nilipokuandikia jinsi ya kumpima mtoto nilijua utajipima na wewe. Hakukuwa na njia ya kumsaidia yeye nikabaki nimejificha. Nilizunguka chumba hiki kwa macho nikiitafuta, kwa miguu siwezi tena.

Kaakaa lako lilishonwa likabaki fupi. Lilikuwa pazia lisilofika chini. Hakuna zoezi linalorefusha nyama, na hilo nililisoma chuoni kabla hujazaliwa. Pamba, mishumaa na filimbi havikuwa na faida kwako wala kwa mtoto mwingine yeyote, kwani anayepuliza pamba hujifunza kupuliza pamba. Vilikuwa vinapendeza wazazi wakichungulia mlangoni. Waliona mtoto anatoka jasho, wakaamini kuna kazi inafanyika.

Daktari mpasuaji alikwisha kumwambia mama yako kwamba operesheni ya pili inahitajika, na kwamba umri wako ule ndio uliokuwa mzuri. Mama yako alikuja kwangu analia, anaogopa kukurudisha mezani. Nilimwambia watu wa visu hupenda visu vyao, mwachie mimi mtoto. Akanishukuru. Alinibusu mikono, na mimi nilifurahi, kwa sababu tangu tukiwa wasichana yeye ndiye aliyekuwa mzuri na mimi ndiye niliyekuwa na akili, na alikuwa hajawahi hata siku moja kuihitaji akili yangu.

Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba pale hospitalini nilikuwa mzaha. Waliniita mama wa mapovu, kwa ajili ya mapovu ya sabuni niliyowapulizisha watoto. Walinipa stoo ya mashuka, na wafuaji waliingia kuchukua mito mtoto akiwa katikati ya neno. Nilitaka chumba cha watu, chenye mlango na kibao, chenye watoto wanaotumwa kwangu na madaktari kwa adabu. Nikajiambia, mtoto mgumu kuliko wote akisema bila kisu cha pili, na ni damu yangu, watanisikiliza.

Wageni walipotangazwa ulikuwa hujasema hata pa moja iliyo safi. Kwa hiyo nilikaa chini nikatunga sentensi nne. Bila shaka unazikumbuka.

Mimi ni mwana wa mama mwema.
Mama analima, mwana amelala.
Mwalimu ananielewa.
Leo nimeamua niwe mwalimu.

Zisome polepole. Humo hamna pa wala ba, hamna ta, da, ka, ga, sa wala cha. Hamna sauti hata moja inayohitaji kaakaa kufunga. Nilizitoa moja moja kama anayechambua mchele. Zilizobaki ni m na n, ambazo kwa kila binadamu hupita puani, pamoja na l na w, ambazo hazina nguvu ya kumfichua mtu. Hata mtoto ambaye hajashonwa kabisa angezisema, na watu wasio wa kazi yetu wangempigia makofi.

Mmoja alikuwa wa kazi yetu. Yule daktari uliyemtaja ndiye mpasuaji mwenyewe. Aliinua mkono akaomba useme "kuku wa baba". Nikasema mtoto amechoka. Tulipokuwa tunatoka alinifuata hadi mlangoni akasema, "Wewe unajua." Nikakukokota hadi dukani. Soda ile ilikuwa ya kukufunga mdomo.

Chumba nilipewa. Kilikuwa na mlango na kibao. Na kuanzia hapo nilikuhitaji uwe mvivu, unanielewa? Kama hukuwa mvivu, mimi nilikuwa mwongo. Nilikwambia mara nyingi hadi kuna siku niliamini. Mama yako alipoacha kukuleta, nililala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Sikuombi msamaha. Chumba hiki ni kidogo, sijui ningeuweka wapi. Na usidhani nimelainika: bado nakuona una kiburi, na kiburi chako kinamla mtoto kama changu kilivyokula wewe. Mimi nilisema kisu hakifai, wewe unasema mwalimu hafai, na katikati kuna mtoto ambaye hajaulizwa. Kioo cha Chiriku ni kikavu. Anaweza. Huyu anaweza kweli, si kwa sentensi za kuchambua.

Usimpeleke kwenye chumba changu. Waliopo pale niliwafundisha mimi, bado wanapulizisha watoto pamba. Mpeleke hospitali ile nyingine, ya upande wa kituo cha mabasi, kwa vijana waliofundishwa na yule daktari. Mpeleke kabla ya Juni. Na wewe nenda wakutazame.

Barua hii nimeiandika kwa siku nyingi, herufi zinaruka kama nzi. Macho yamefika mwisho. Jibu lako, kama lipo, atanisomea mwanangu.

Mama Mkubwa


Tarehe 14 Mei

Mama Mkubwa,

Nilizisoma sentensi zako ofisini, kwa sauti, nikizifuata kwa kidole kutafuta pa. Mwenzangu akainua kichwa kwenye meza yake akasema, "Mbona leo unaongea vizuri?" Nilimtupia rula.

Nilikuwa na siku moja, umeichukua. Nimekaa wiki nyingi nikijaribu kujua kama nakuchukia kwa kunidanganya au kwa kuniambia ukweli, na sijapata jibu, ila chuki yenyewe ipo, haijapungua. Kuna saa nilitamani ungekufa na uongo wako nikabaki na gauni langu jeupe. Halafu namkumbuka mama. Alikufa akiamini kwamba binti yake hakujitahidi. Hilo hukuliandika. Labda hukulifikiria, ulikuwa na mambo mengi ya kujieleza.

Nilimpeleka Chiriku. Usijipongeze, nilimpeleka kwa sababu ya kioo, kioo hakina Mama Mkubwa. Ni pale hospitali ya karibu na kituo cha mabasi, chumba cha ghorofa ya pili chenye mkeka na viti vidogo. Mwalimu ni dada mdogo mwenye kicheko kinachosikika hadi kwenye ngazi. Alimchunguza, akamrekodi, akasema ulivyosema: kaakaa linafunga, sauti zimezoea koo. Sikukaa kwenye benchi. Nilisimama mlangoni na mkoba begani, nimejiandaa, nikisubiri neno moja tu ili nimbebe mwanangu tuondoke. Chiriku alikosea pa mara nyingi. Kila alipokosea yule dada alisema, "Hiyo bado, tujaribu nyingine," kwa sauti ya mtu anayechagua nyanya. Nilisubiri hadi saa ikaisha. Neno halikuja. Nikaingia choo cha wagonjwa nikalia kwa hasira, maana ilikuwa rahisi namna ile. Kumbe kulikuwa na watu wanaoweza kumwona mtoto ameshindwa na wasiseme kitu kibaya, na siku zile zote sikuwa nimemkuta hata mmoja.

Hajapulizishwa pamba.

Juma lililopita pa ilifika. Tulikuwa tunashuka ngazi, akasema papai. Alisimama. Akanitazama kama mtu aliyekanyaga kitu, akalisema tena, na lilikuwa papai, lilitokea midomoni. Tangu hapo anawaambia papai watu ambao hawajamwuliza. Mwenye duka alimkatia kipande akidhani anaomba. Ba imeifuata pa. Ta inakuja na kuondoka. Ka bado iko kooni. Juni ataingia darasani nayo hivyo hivyo, na mwalimu wake wa darasa nimekwisha kumwona. Nilimweleza mwenyewe, sikumtuma mtu. Aliniuliza mara mbili nimesema nini. Nikamwambia mara mbili.

Na mimi wamenitazama. Wamesema yao. Nitakachoamua hutakijua, hicho si chako.

Sasa nimalizie. Uliandika kwamba jibu langu atakusomea mwanao. Hapana. Alishawahi kusema kwa sauti yangu, mezani kwako, ilitosha. Kwa hiyo barua hii siitumi. Nimempigia simu mkweo. Alinielewa nilipomwambia kwa mara ya tatu. Nitakuja Jumamosi asubuhi. Nimemwambia wote watupishe chumbani.

Nitakaa kando ya kitanda chako na kukusomea yote, kuanzia jina lako hadi langu, kwa sauti hii hii uliyoniachia, na kila pa na kila ka ikitokea puani. Usijifanye umelala. Pale usipoelewa neno, inua mkono. Nitalisema tena, na tena, na sitakasirika, hadi ulielewe.

Binti wa mdogo wako